Nchi mpya ilianzia Mpika

"Mama mdogo, simu yangu imerudi nyuma saa nzima!"

Ndivyo alivyonianza binti wa dada yangu baada ya kugongewa muhuri wa kuingia Zambia, mchana mmoja wa Julai 2023. Nilicheka. Sisi tunaoishi Tunduma tumezoea vituko hivyo, kwani simu zetu hunasa mnara wa ng'ambo hata tukiwa jikoni, zikabadili saa bila kutuuliza. Nyumbani kwangu ipo saa ya ukutani, ya betri, na hiyo ndiyo inayoaminiwa watoto wanapokwenda shule. Lakini yeye ni mtoto wa Vwawa, na ingawa Vwawa si mbali, hakuwa amewahi kuvuka boda. Upande wetu aliacha saa saba na robo mchana, upande wa pili akakuta saa sita na robo. Tanzania iko saa tatu mbele ya Greenwich, Zambia saa mbili. Anayekwenda kwao hupewa saa moja ya bure. Anayekuja kwetu hunyang'anywa.

Alikuwa na miaka 21, mwaka wa pili chuoni Mbeya, akienda Lusaka na wenzake watano kwenye kongamano la wanafunzi wa nchi za kusini mwa Afrika. Mada ilikuwa kilimo na hali ya hewa. Sitaandika sana juu ya mada hiyo, maana hata yeye aliporudi hakuizungumza sana. Nilimwomba jambo moja tu: kila jioni anitumie kwenye simu vitu vitatu alivyoviona siku hiyo, vikubwa au vidogo. Zile jumbe ninazo mpaka leo.

Magunia mawili

Safari hiyo nusura ife kabla haijaanza. Waandaaji waligharamia malazi na chakula Lusaka. Pasipoti, nauli na mengineyo yalikuwa juu ya mzazi. Pasipoti ya kielektroniki, hii iliyoanza kutolewa mwaka 2018, ni shilingi 150,000, na kwa mkulima wa Mbozi kiasi hicho hakihesabiwi kwa noti, huhesabiwa kwa magunia. Kahawa ilikuwa bado haijalipwa. Shemeji yangu akatoa stoo magunia mawili ya mahindi, kisha akakaa siku tatu bila kumsemesha mkewe.

Si ubahili. Kilichomkaa rohoni alikuja kukisema usiku wa nne, tukiwa tumekaa nje. Kaka yake mkubwa alivuka mpaka huu huu mwaka 1978, kijana mbichi, akitafuta kazi ya migodini Kitwe. Zikaja barua mbili, ya pili ikiwa na picha. Baada ya hapo kimya mpaka leo. Kwa hiyo mnapomwambia shemeji habari za Zambia, haoni nchi ya kwenye ramani ya jiografia. Anaona mahali ambapo mtu wa kwao aliingia asitoke.

Aliyeamua ni bibi yao. Aliuliza maswali matatu: atalala kwa nani, atakula nini, na akiugua ni nani atakayetuambia. Alipojibiwa yote matatu akasema mtoto aende. Mimi ni mwalimu, nimejaza fomu nyingi za safari za wanafunzi, na sijaona fomu yenye maswali mazuri kuliko hayo. Wazazi mnaoletewa barua za makongamano, anzeni hapo. Halafu ndipo mfike kwenye kadi ya njano ya chanjo, nakala ya pasipoti ya kubaki nyumbani, na fedha kidogo ya dharura isiyokaa pochi moja na nyingine.

Jambo la mwisho baba yake alilomwomba lilikuwa la ajabu kidogo. Alimpa saa yake ya mkono akamwambia asiigeuze, iendelee kusoma saa za Mbozi, ili wakati wowote ajue nyumbani ni saa ngapi.

Chai kwa vidole

Msomaji asiyeifahamu Tunduma anaweza kudhani mpaka ni mto au ukuta. Hapa ni barabara, malori na watu. Malori hupanga foleni ndefu, mengine yamebeba shaba ya Zambia na Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam, mengine yanarudi na mafuta na mbolea. Wanamwanga wako pande zote mbili. Wapo wenye shamba huku na mjomba kule. Nakonde utauziwa nyanya kwa Kiswahili, na ukikosa kwacha utalipa kwa shilingi. Tangu Oktoba 2019, marais John Magufuli na Edgar Lungu walipozindua kituo cha pamoja cha huduma za mpakani, msafiri hugonga mihuri ya nchi zote mbili mahali pamoja, upande ule anakoingia. Binti yetu alimalizana na uhamiaji wa Tanzania na wa Zambia akiwa tayari Nakonde, akaniandikia kwa masikitiko: "Sijahisi kitu. Nilitegemea nitahisi kitu."

Nchi mpya ilianzia Mpika. Basi lilipita Isoka, likapita njia ya kuingilia Chinsali, wilaya alikozaliwa Kenneth Kaunda, giza likatanda, na ilipofika saa tatu usiku likaegeshwa. Wakati huo mabasi ya abiria Zambia yalikuwa hayaruhusiwi kutembea kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. (Kwetu nako tulikaa na katazo la namna hiyo miaka mingi; miezi michache baada ya safari ile ndipo mabasi yetu yakaruhusiwa tena usiku.) Abiria wakajikunyata vitini. Baridi ya Mpika mwezi wa Julai si ya mchezo, lakini mtoto wa Mbozi haikumtisha. Wenzake wawili waliokulia Dar es Salaam walijifunga mataulo kichwani.

Akashuka kununua chai. Aliagiza kwa Kiswahili, kama alivyokuwa akifanya tangu Nakonde, na mama muuzaji akamtazama tu. Akajaribu Kiingereza cha shule. Yule mama akamjibu kwa Kibemba. Walimalizana kwa vidole. Usiku ule ujumbe wa tatu ulisomeka hivi: "Nimeomba chai kwa lugha mbili nikaipata kwa vidole. Sasa ndiyo nimetoka nyumbani."

Nimeufikiria sana ujumbe huo. Watoto wetu wa mpakani tunawaambia kwamba nchi ya watu inaanzia kwenye geti. Kumbe geti unaweza kulipita ukiwa umesinzia. Nchi ya watu inaanzia pale unapofungua mdomo na mtu asikuelewe.

Saa iliyobaki Mbozi

Asubuhi ya kwanza Lusaka, ratiba ilisema waanze saa mbili. Akaitazama saa ya baba yake, akaoga haraka, akawahi ukumbini akiwa amenyooka. Milango ilikuwa imefungwa. Saa ile ilikuwa ya Mbozi, ya Lusaka ilikuwa saa moja tu. Akakaa kwenye ngazi. Aliyemkuta pale alikuwa msichana wa Kizambia, mmoja wa wenyeji wao, aliyekuja mapema kupanga viti. Wakapanga pamoja. Urafiki wao ulianza kwa saa ile iliyopotea, na mtauona mbele.

Siku mbili za mwanzo hakufungua mdomo kikaoni. "Wanaongea Kiingereza kama wamezaliwa nacho," aliandika. Zambia ina makabila zaidi ya 70 na Kiingereza ndiyo lugha rasmi. Kinawasaidia kuelewana mtu wa Kitwe na mtu wa Livingstone, kama Kiswahili kinavyotusaidia sisi. Mtoto wetu anasoma kwa Kiswahili mpaka darasa la saba, kisha anaingia kidato cha kwanza na kutumbukizwa kwenye Kiingereza kama ng'ombe kwenye josho. Anatoka mwisho anajua kuandika insha. Kutania hajui. Na mgeni asiyejua kutania huonekana ana kiburi au mgonjwa.

Hapa lazima niseme kosa langu mwenyewe. Nimefundisha miaka 19. Mara ngapi nimeacha darasa zima limcheke mtoto aliyekosea Kiingereza, nikidhani kicheko kitamfundisha? Siku ya pili usiku binti aliandika kwamba alikuwa na swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa, akalimeza kwa sababu hakuwa na hakika kama ni "has" au "have". Nililisoma hilo nikakosa la kumjibu.

Siku ya tatu mambo yakageuka, si kwa ushujaa wowote. Wakati wa chai, mwanafunzi wa Kikongo kutoka Lubumbashi alimsikia akizungumza na mwenzake, akamrukia kwa Kiswahili, Kiswahili chake kile kilichochanganyika na Kifaransa. Wakacheka mpaka watu wakawazunguka. Mtu mmoja akakumbusha kwamba Kiswahili ni lugha rasmi ya nne ya SADC tangu mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019, baada ya Kiingereza, Kifaransa na Kireno, basi wafundishwe. Binti yetu akajikuta anasimama mbele ya watu 30 akiwafundisha salamu. Walipofika kwenye "shikamoo" wakataka maelezo, na maelezo hayo aliyatoa kwa Kiingereza, dakika kumi nzima, bila kukumbuka kuogopa. Mchana ule ule akauliza lile swali lake la juzi. Kama alisema "has" au "have" hakumbuki.

Chakula kilichotoka kwetu

Bibi yao alikuwa na wasiwasi wa chakula, na hapo ndipo palipokuwa na kicheko kikubwa. Nshima ni ugali. Inasongwa taratibu zaidi, inaanzia kwenye uji, inatolewa kwa mwiko mabonge mabonge yaliyolainika, lakini ni ugali. Maheu aliyoipenda sana ni dada yake togwa. Kapenta ni dagaa wakavu, na wale wanaovuliwa Kariba asili yao ni Ziwa Tanganyika, walichukuliwa huko miaka ya 1960 wakapandikizwa.

Kisha wenyeji wakaleta chikanda, wakisema hiki sasa ni chakula cha Zambia hasa, wageni waonje. Kinakatwa vipande kama keki, rangi ya kahawia, kina karanga, pilipili na magadi. Akauliza kinatengenezwa na nini. Akaambiwa ni viazi vidogo vya maua ya porini ya jamii ya okidi. Vinatoka wapi? Msichana aliyepanga naye viti akamjibu bila kusita: "Vingi vinatoka kwenu Tanzania. Vinapita Tunduma kwa magunia."

Mtoto wa Nyanda za Juu Kusini alisafiri karibu kilomita 1,000 kwenda kujua kinachochimbwa milimani kwao. Biashara hiyo ni kubwa na ya muda mrefu, na imechimbua milima mingi ikaacha mashimo. Ni moja ya sababu zilizofanya Kitulo, tambarare ya maua iliyo jirani zetu, itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Katika kongamano la kilimo na hali ya hewa, kipande kile cha chikanda kwenye sahani kilimfundisha zaidi ya mihadhara. Alikimaliza lakini, na anasema kilikuwa kitamu.

Kuna ujumbe mwingine ninaoupenda. Walipelekwa kusalimia nyumba moja ya wazee nje kidogo ya Lusaka. Yeye alipomwona bibi wa nyumba alipiga magoti kama tunavyofundishana kwetu. Wenzake wa Dar es Salaam wakatazamana wakabana kicheko. Yule bibi naye akainama, akapiga makofi taratibu kwa viganja vilivyokunjwa, akasema maneno ambayo hakuna aliyeyatafsiri. Kisha akamkalisha karibu yake. Ujumbe: "Nimeaibika dakika moja, nikafurahi saa nzima."

Jioni ile alimpigia baba yake. Walizungumza habari za mvua, kahawa, ng'ombe aliyezaa. Kabla ya kukata shemeji akauliza, sauti ikiwa imeshuka: "Jina letu hujalisikia huko?" Hakuwa amelisikia. Kitwe iko mbali na Lusaka, nao hawakupelekwa huko.

Mgeni wa Mbeya, 1962

Kusoma jumbe hizo kulinikumbusha mgeni mwingine, aliyepita upande wetu huu naye akiwa njiani kwenda mkutanoni, wakati Songwe yote ilikuwa bado ndani ya Jimbo la Nyanda za Juu Kusini.

Januari 1962 Tanganyika ilikuwa na mwezi mmoja tu tangu ipate uhuru. Ndege ndogo iliyotoka Kasane, Bechuanaland, ilitua Mbeya ikiwa na Waafrika Kusini wawili. Mmoja alikuwa Joe Matthews. Mwingine, mwanasheria wa miaka 43 aliyetoroka nchini mwake bila pasipoti, alikuwa Nelson Mandela. Alikuwa anakwenda Addis Ababa kwenye mkutano wa PAFMECSA, umoja wa harakati za uhuru za Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, uliofanyika Februari. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya nchi yake.

Alieleza mwenyewe, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1994, alichokiona Mbeya. Hakikuwa mlima wala soko. Ilikuwa baraza ya hoteli, ambapo Waafrika na Wazungu walikaa pamoja wakizungumza kwa upole. Hakuwa amewahi kuingia hoteli isiyobagua rangi. Walikuwa wanamsubiri John Mwakangale, mbunge wa TANU, ambaye kumbe alikwisha kupita akiwaulizia, na mhudumu wa mapokezi, mwanamke wa Kizungu, alisahau kuwaambia. Mgeni mmoja Mwafrika akamwendea mhudumu yule, akamkumbusha kwa adabu lakini bila kuyumba kwamba watu hawa ni wageni wetu na wanastahili kuhudumiwa vizuri. Mhudumu akaomba radhi. Ni hapo, kwa tukio dogo kama hilo, ndipo Mandela alipotambua kwamba yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika, akajiona mtu huru kwa mara ya kwanza.

Kuna sehemu ya pili, ambayo husimuliwa kidogo zaidi. Baadaye katika safari ile ile, akipanda ndege kuelekea Addis Ababa, aliona rubani ni mweusi. Hakuwa amewahi kuona rubani mweusi. Akashtuka, na kwa dakika moja akajiuliza mtu mweusi ataendeshaje ndege. Kisha akajikamata mwenyewe: mawazo ya makaburu yalikuwa yamemkaa hata yeye aliyekuwa akipigana nao. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu yote mawili kwa pamoja. Baraza ya Mbeya ilimwonyesha nchi ya watu. Rubani alimwonyesha alichokuwa amekibeba kichwani kutoka kwao.

Na yule mgeni wa hotelini aliyemsemesha mhudumu? Jina lake halikuandikwa. Aliondoka akaenda zake, labda asijue kamwe ni nani aliyekuwa amekaa pale akimsikiliza.

Walipokuja kwetu

Sasa niseme la nyumbani kwangu, ambalo nilisita kuliandika.

Desemba 2024 yule msichana wa Lusaka, rafiki wa binti yetu, naye alipata mkutano wa wanafunzi, wa Dar es Salaam. Walikuwa watatu, wawili wa Zambia na mmoja wa Malawi. Mabasi ya Dar huondoka Tunduma alfajiri, njia ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo binti akaniomba niwalaze usiku mmoja. Nilifurahi. Nilimtuma mwanangu wa kidato cha tatu akawapokee boda, maana mimi nilikuwa nasahihisha mitihani. Likizo zake nyingi huzimalizia huko huko, anajua kila kona.

Walifika jioni, mvua imewalowesha, wakaoga, tukakaa mezani. Nikamwambia yule msichana, kwa utani, anipe vitu vitatu alivyoviona siku yake ya kwanza Tanzania, kama rafiki yake alivyokuwa akinipa vya kwao.

La kwanza alionyesha juu: taa. Mwaka ule ukame uliiumiza Zambia vibaya. Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa janga la taifa Februari, maji ya Kariba yakapungua, na nyumba nyingi zilikaa bila umeme sehemu kubwa ya siku. Msichana alisema hajakaa chini ya taa jioni nzima tangu miezi mingi. Simu zote tatu zilikuwa ukutani zikichajiwa. Mume wangu, ambaye humlalamikia Tanesco kila wiki, usiku ule alijinyoosha kitini kama yeye ndiye aliyejenga bwawa.

La pili ni neno "pole". Tangu boda, kila mtu aliyemwona na begi alimwambia pole na safari, hata wasiomjua, na yeye alidhani amefiwa hajaambiwa. Tulicheka sana.

La tatu akasita. Akaingia chumbani, akarudi na bahasha, akaniomba nimsaidie kuhesabu shilingi zake kwa sababu labda yeye hajazizoea. Nilihesabu mara mbili. Kwa kwacha alizosema ametoa, zilipungua shilingi elfu arobaini. Mchezo ule tunaujua sote hapa: kijana wa kuchenji hela anahesabu mbele ya macho yako, noti mbili tatu ameshazikunja katikati, na kila iliyokunjwa inahesabiwa mara mbili. Mgeni anaweka mfukoni, anasema asante. Akibadilisha benki au kwenye duka lenye kibali, hayampati hayo.

Nikauliza walibadilisha wapi. Kabla hajajibu nikaona mwanangu ameacha kula.

Yeye ndiye aliyewapeleka. Kijana wa kuchenji ni rafiki yake wa mtaani, na kwa kuletewa wateja alimpa elfu mbili. Alisema hakujua kwamba watapunjwa. Namwamini nusu. Baba yake hakusema neno. Alivaa koti la mvua, akamwashiria, wakatoka. Walirudi saa tano usiku na shilingi elfu ishirini. Nyingine, walivyoambiwa, zilikwisha kutumika.

Mume wangu akataka kujazia zile ishirini zilizobaki. Msichana akakataa katakata, kwa upole. Alisema hakuibiwa na sisi. Nilimwona mwanangu anavyolisikia neno hilo. Ningependa kumwona akipigwa kofi kuliko kumwona akilisikia.

Sikulala vizuri. Nilikuwa nimejisifu kwa mwaka mzima na nusu juu ya binti aliyepiga magoti Lusaka. Kila mwaka maelfu ya watu wanaiona Tanzania kwa mara ya kwanza kupitia mtaa wetu, wengine vijana wa shule wenye barua za mkutano mfukoni. Wanaowapokea si balozi wala waziri. Ni watoto wetu walio likizo.

Saa kumi usiku tulikuwa stendi. Mwanangu alibeba mabegi yote matatu, hakutaka kusaidiwa. Nilimkumbusha msichana kwamba saa za huku ziko mbele, asije akachelewa kikao cha kwanza. Akaniambia rafiki yake alishamwonya, tena kwa herufi kubwa. Wakati kondakta anaita majina, mwanangu akamsogelea, akatoa ile noti mbili za elfu moja moja, akampa. Msichana akaziangalia, akazielewa. Safari hii hakukataa. Alimuuliza tu, kwa Kiingereza, ni kwacha ngapi hizo.

Mtoto akatazama juu kidogo, anavyofanya akipiga hesabu ya kichwa, akamtajia. Nilipofika nyumbani niliihesabu mwenyewe kwenye simu. Alikuwa sawa.